Kambale wa Bwawa la Akiba

Watu wasioijua njaa husema inakondesha. Wanaijua nusu yake. Njaa hukondesha mwanzo, halafu inafika siku miguu inaanza kunenepa, na hapo ndipo mwenye akili anapoogopa. Mimi niliogopa mapema kuliko wenzangu, kwa sababu mambo hayo niliyaona kwanza kwa samaki, niliyaona peke yangu, na sikumwambia mtu. Sasa ni mzee, na hadi leo nikisimama ukingoni mwa bwawa lolote mikono inanitoka jasho.

Nilizaliwa Mikindani, nyumba ya wavuvi. Baba alikuwa na uzio wa fito baharini, ule ambao maji yakijaa samaki huingia na yakitoka hubaki ndani. Mtoto wa kike kwetu alijua kupasua samaki kabla ya kujua kusuka nywele, na mama hakunifundisha kupasua tu, alinifundisha kutazama. Ini likiwa nene, samaki alikuwa anakula vizuri. Mafuta yakiwa yameuzunguka utumbo, ana akiba yake. Nyongo ikiwa ndogo, amekula juzijuzi, kwa sababu nyongo humwagika samaki anapokula. Asipokula haina pa kwenda, hujaa siku hadi siku na kugeuka kijani cha kiza.

Mwaka mmoja baba aliugua, uzio ukakaa wiki nyingi bila kuvuliwa, na kwenye kina cha ndani samaki wakabaki wamefungiwa. Alipopona akawakuta hai. Vichwa vilikuwa vikubwa, miili imebaki nyuma. Mama alimpasua mmoja, akanionyesha, akasema, "Huyu amejila mwenyewe." Ini lilikuwa limebaki kama jani. Mafuta hayakuwapo. Akanieleza kwamba samaki asiyepata kitu huanza na ini lake, akilimaliza huingia kwenye mafuta ya tumbo, na mafuta yakiisha hula nyama yake, na nyama inapoondoka maji huingia mahali pake. Kwa hiyo mkononi unamwona bado mzito. Mama alisema mchuuzi mwongo huuza samaki wa namna hiyo kwa wageni.

Niliolewa bara kidogo, upande wa Mahurunga, kwa wakulima. Walinicheka kwa jinsi nilivyoshika jembe, nami niliwacheka kwa jinsi walivyopika samaki, na tulipendana hivyo hivyo. Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye maneno machache. Wifi yangu, binti yake, aliishi nyumba ya pili uani kwetu, na sisi wawili tulipishana mwezi mmoja tu kujifungua. Yeye alipata mtoto wa kiume, mimi nikapata wa kike. Waume zetu wote wawili walikwenda Mtwara, kulikokuwa kunajengwa bandari mpya, wakawa wanavunja mawe huko. Habari zao zilikuja kwa midomo ya wapita njia. Chakula hakikuja, maana hata wao walikuwa wanapimiwa kwa kibaba.

Mwaka huo mtama haukuzaa. Mvua ilinyesha juu huko itokako Ruvuma, mto ukafurika ukatutia hofu, halafu kwetu mawingu yakapita bila kutuangalia. Mto uliporudi mahali pake uliacha bwawa bondeni, kubwa kuliko miaka mingine, limejaa perege na kambale. Kawaida wanawake hawakungoja. Maji yakifika magotini tulikuwa tunaingia na matenga yasiyo na vitako, unalikita tenga matopeni, unaingiza mkono kwa juu unampapasa samaki aliyenaswa. Lakini mwaka huo wazee walikaa wakaamua bwawa lifungwe. Mihogo na ming'oko, vile viazi vya porini, vitangulie, bwawa liwe la mwisho. Walisema ni ghala lisiloliwa na wadudu.

Aliyelifunga ni mjomba wa mume wangu. Katika ukoo ule mjomba ndiye mwenye kauli, na yule alikuwa mtu wa kauli kweli, mfupi, mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Alimwaga unga wa mtama mahali mfereji wa bwawa ulipokuwa ukielekea mtoni, mwalimu wa chuo akasoma Fatiha, halafu mjomba akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo. "Atakayetoa samaki humu kabla ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ajae maji kama bwawa hili lilivyojaa." Tukaitikia amina. Na mimi niliitikia, mtoto mgongoni.

Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza mama mkwe, "Mama, samaki hao watakula nini mpaka Maulidi?"

"Kambale anakula matope, mwanangu," akanijibu. "Matope yanakwisha?"

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema watu wa pwani wanadhani kila samaki analishwa na bahari. Nilikuwa mke wa kuja, na ni kweli kambale wa mtoni sikuwajua kama nilivyowajua changu na tasi, samaki wa bahari ya kwetu. Nikajiambia labda wao wanajua zaidi.

Miezi ya kwanza tulikula mihogo iliyokuwa haijakomaa, tukala ming'oko tuliyoichimba porini mpaka mashimo yakawa mengi kuliko vichaka. Mikorosho ilitoa maua, yakapukutika. Chungu kilikuwa kimoja kwa nyumba zote mbili, mama mkwe ndiye aliyegawa, na sikumwona hata siku moja akijipendelea. Alianza kunisukumia mimi na wifi yangu fungu lake. Alisema wazee hawana njaa. Uongo huo niliupokea kwa mikono miwili, kwa sababu nilikuwa nanyonyesha.

Halafu maziwa yakaanza kupungua. Mwanamke aliyenyonyesha anajua. Mtoto anavuta, anaachia, anakutazama, anavuta tena, halafu analia kwa hasira. Binti yangu alikuwa amepita miezi sita na alikuwa bado na nguvu za kukasirika. Nilimshukuru Mungu kwa hasira ile, kwa sababu mtoto wa wifi yangu alikuwa ameshaanza kulia taratibu.

Nilikwenda bwawani siku ya Ijumaa, adhuhuri, wanaume wakiwa msikitini na wanawake wamejilaza kwa uchovu. Nilichagua saa ile kwa makusudi, na kuiba wakati watu wanasali kuliniogopesha kuliko mamba. Maji yalikuwa yameshuka. Perege walikuwa hawaonekani tena, wameliwa na ndege na kambale wenyewe. Kambale walikuwa wanapanda kuvuta hewa, midomo yao inafunguka juu ya maji kimya kimya. Nilisoma Bismillahi, nikajisikia aibu kuisoma, nikakita tenga. Nilipoingiza mkono, mwiba wa pezi ulinichoma katikati ya kiganja. Sikulia. Nilimbana samaki, nikamfunga ndani ya kanga, nikaenda naye kichakani nyuma ya mikorosho.

Nilipompasua nilimsahau mwenye bwawa na kiapo chake, nikabaki namtazama kama mama alivyonifundisha. Tumbo lilikuwa tupu, tope kidogo na kipande cha mkia wa kambale mdogo. Ini lilikuwa limenyauka. Nyongo ilikuwa imejaa kama embe changa. Mafuta yalikuwapo bado, ya manjano, lakini membamba kando ya utumbo. Nikaelewa pale pale. Matope hayakuwa chakula. Samaki wetu walikuwa wamefungiwa kama wale wa uzio wa baba, walikuwa wameshamaliza maini yao na sasa walikuwa kwenye mafuta. Kijiji kizima kilikuwa kinajinyima ili kutunza ghala, na ghala lilikuwa linajila lenyewe.

Wakati ule ulikuwa ndio wa kusema. Nimeurudia mara nyingi kichwani. Ningekimbia mpaka kwa mjomba, mikono ina damu ya samaki, nikamwambia, fungua leo, mafuta bado yapo. Lakini angeniuliza umejuaje. Na mke wa kuja aliyevunja kiapo cha ukoo wakati wa njaa, sikujua wangemfanya nini, sikujua kama wangenirudisha Mikindani na mtoto angebaki kwao, maana kwa desturi yao nilikuwa sijui mtoto ni wa nani hasa tukigombana. Niliogopa. Nilimchoma samaki kwa moto mdogo, nikala mafuta kwanza, halafu ini, halafu nyama yote, nikazika mifupa na ile nyongo. Mkono ulipovimba nilisema nimechomwa na mwiba wa mchongoma. Jioni yake mtoto alinyonya akalala, nami nikajilaza kando yake nikihesabu waliobaki na njaa kwa ajili ya usingizi ule.

Nilijiapiza ni mmoja tu. Zikapita Ijumaa tano, nikarudi.

Huyo wa pili hakuwa na mafuta. Nilipekua utumbo wote kwa kidole, ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea mkeka, na hapakuwa na chembe. Ini lilikuwa jeusi, dogo, sikulitambua mpaka nilipoitafuta nyongo, na nyongo ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko kila kitu mle tumboni. Ikanipasukia mkononi, nyama ikawa chungu, nikaila hivyo hivyo huku machozi yananitoka. Sikulia kwa uchungu wa nyongo. Nililia kwa kuwa nilijua kinachofuata ni nyama, na bado Maulidi ilikuwa mbali.

Siku chache baadaye nilivua kandambili za mti nikaona alama ya ukanda imebaki mguuni, imezama. Nilibonyeza kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Nilingoja lijae, likachukua muda mrefu.

Sijui kama naweza kuieleza hofu ile kwa mtu ambaye hakuitikia amina kwa kinywa chake. Ajae maji. Mjomba alisema, mwalimu alisoma, nami niliitikia, na sasa maji yalikuwa yananipanda kuanzia kisiginoni kama yanavyopanda kwenye kuta za udongo masika. Niliacha kufunga kanga juu, nikawa naiburuta. Niliacha kukaa na wenzangu tumenyoosha miguu. Nikitia udhu nilijificha nyuma ya chanja la vyombo. Kila asubuhi kabla sijamsalimia mtu nilijibonyeza, na kila asubuhi shimo lilikuwa juu zaidi ya la jana. Nilianza kumwogopea mtoto, nilikuwa namnyonyesha huku nikijiuliza kama maji yale yanapita kwenye maziwa yakamwingia.

Mtoto wa wifi yangu alifariki kabla ya wiki mbili kupita. Alikufa asubuhi, mikononi mwa mama yake, bila kelele yoyote. Mama mkwe alipokuwa anamwosha nilikuwa nashika maji, na niliona vimiguu vyake vimejaa, vinang'aa, na tumbo limetuna. Mwanamke mmoja aliyekuja kusaidia aliona pia. Alimtazama mama mkwe, mama mkwe akaendelea kuosha.

Kabla matanga hayajaisha maneno yalikuwa yameenea. Mtoto wa ziwa hawezi kuiba, walisema, lakini anakunywa anachokula mama yake. Wakasema wifi yangu amekula samaki wa bwawa, na kiapo kimepitia kwenye maziwa. Hawakumwambia usoni. Walikuja kumpa pole, wakimpa mkono macho yao yalishuka miguuni mwake. Na yeye, masikini, alikuwa amevimba. Alikuwa hajaonja hata magamba, na kambale hana magamba. Siku moja aliniuliza kwa sauti ya chini, "Wifi, ntu anaweza kula kitu usingizini asijue?"

Nilimwambia hapana. Nilitaka kumwambia mengine, sikumwambia. Nilikuwa nimemshika mwanangu, na wazo langu la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa kwamba wakimpata wa kumlaumu hawatanitafuta mimi.

Usingizi ulinikataa kuanzia siku hiyo. Nilikuwa na hofu mbili na kila moja ilinivuta upande wake. Nikinyamaza, wifi yangu atabeba kosa langu juu ya kifo cha mwanawe, na samaki watakwisha ndani ya ngozi zao, na binti yangu atafuata. Nikisema kweli yote, miguu yangu itakuwa ushahidi kwamba kiapo kinafanya kazi, na basi wifi yangu aliyevimba ataonekana mwizi vile vile, tena mwizi aliyeua mtoto. Niliizungusha hiyo kichwani siku tatu nikitwanga maganda ya mihogo. Siku ya nne nilichukua tenga nikalipitisha katikati ya kijiji, asubuhi, watu wananiona.

Niliingia bwawani bila kumtazama mtu. Maji yalinifika magotini. Kambale hawakukimbia hata. Nilimtia mkononi mmoja mkubwa, kichwa chake kama cha samaki wa kilo nyingi na mwili unaoteleza nyuma yake kama mkia wa mtu mwingine, nikaenda naye mpaka barazani kwa mjomba. Watu walikuwa wananifuata kwa mbali. Mama mkwe alikuwa mbele yao.

Mjomba alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba, shuka limemfunika kuanzia kiunoni hadi chini. Wiki kadhaa alikuwa hatoki, tulidhani ni uzee.

"Shikamoo, mjomba," nikasema.

Hakuitikia. Alikuwa anamtazama samaki. "Unajua ulichofanya?"

"Najua. Niue baadaye, ila kwanza nitazame." Nikapiga magoti, nikampasua samaki pale pale chini mbele yake. Nilisema polepole. Nilimwonyesha tumbo tupu. Nilimwonyesha mahali mafuta yanapokaa. Nililishika ini kwa ncha ya kisu. Nyongo niliiweka kwenye jani, kubwa, ya kijani, akairudishia macho mara mbili. Halafu nilikata kipande cha nyama nikakikamua kwa vidole, maji yakatiririka mpaka kwenye kiwiko, na nyama ikabaki nyuzi, kama mhogo uliolowekwa ukasahauliwa. "Hawali matope, mjomba. Kwetu nimewaona waliofungiwa. Wanaanza na ini, wanakula mafuta, sasa wanakula nyama. Kila siku tunayongoja tunabakiwa na maji na vichwa. Ikifika Maulidi hapatakuwa na kitu."

"Na kiapo?" akauliza.

Hapo ndipo nilipopandisha kanga hadi magotini, mbele ya wanaume, mimi niliyelelewa Mikindani nyuma ya buibui. Nilijibonyeza, shimo likabaki, wote wakaliona. "Miguu hii imevimba tangu mwezi uliopita," nikasema. "Samaki huyu nimemtoa leo."

Kila neno katika hayo lilikuwa kweli, na yakikaa pamoja yalikuwa uongo. Nilijua hivyo nilipokuwa nayasema. Niliwaacha wahesabu wenyewe, kwamba mguu umetangulia na wizi umefuata, kwa hiyo maji hayakutoka kwenye kiapo. Nilimtazama mjomba nikingoja aniulize kama samaki huyo ndiye wa kwanza.

Hakuuliza. Aliitazama ile nyongo kwenye jani. Halafu akalivuta shuka. Miguu yake ilikuwa kama vinu. Ngozi ilikuwa imenyooka inang'aa, na kwenye muundi palikuwa panatoka majimaji. Mwanamke mmoja nyuma yangu alivuta pumzi.

"Sijaonja hata maji yake," mjomba akasema. "Wallahi. Nilisema labda nilinwaga unga vibaya. Nikaogopa kuwaambia." Yule mtu wa sauti nzito alikuwa analia, na alikuwa ameogopa siku zote zile kama mimi, chini ya shuka lake.

Mama mkwe alikuja akakaa chini, akafunua yake. Kisha mwingine. Sikuwahesabu. Wengine waligeuza uso wakiona miguu ya majirani waliowasema.

Bwawa lilifunguliwa siku ile ile kabla ya adhuhuri. Wanawake tuliingia na matenga yetu, wakongwe na wasichana, na hakuna aliyeimba, ingawa desturi ilikuwa kuimba. Samaki walikuwa wengi kwa macho. Tuliwapika kwenye vyungu vikubwa, na kila chungu kilipochemka nyama ilinywea, maji yakapanda, tukalazimika kuyapunguza kwa kata. Niliwaambia wasimwage, wanywe. Kilichopatikana kilitutosha wiki chache, mpaka mvua za kwanza zikaleta majani ya kunde na mchicha wa porini, halafu waume zetu wakaja wakiwa na unga mgongoni. Tulizika watu wawili wazee katika wiki hizo. Hakufa mtoto mwingine. Wifi yangu hakuna aliyemtazama miguu tena, na wale waliomsema walikuja kumtwangia.

Maziwa yangu hayakurudi. Sijui kwa nini, nilikula samaki kama wenzangu, nilikunywa mchuzi, nikanywa uji wa maganda, kifua kikabaki kimenyauka. Binti yangu alikuwa ameacha ile hasira yake. Alikuwa ananyonya kidole, ananitazama bila kudai kitu, na utulivu ule niliujua, nilikuwa nimeuona nyumba ya pili.

Wifi yangu alikuja uani asubuhi moja, kanga yake imelowa kifuani. Chakula kilipomwingia mwili wake ulikuwa umefanya kazi yake bila kumuuliza kama ana mtoto. Alisimama pale kama mwenye aibu. "Nipe ntoto," akasema. Nikampa. Akakaa chini, akamweka, na binti yangu akashika ziwa kwa mikono yote miwili, akavuta, nikasikia anameza. Wifi yangu alifumba macho. Sikuweza kumtazama, nikaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Alimnyonyesha mwaka mzima na zaidi. Binti yangu alipoanza kusema alimwita yeye mama, na mimi akaniita kwa jina ambalo watu wazima waliniita. Sikulalamika. Kwa sheria yetu ziwa linazaa, na yule akawa mama yake kweli, haramu na halali zote zikafuata. Leo binti yangu ana wajukuu na bado husema alizaliwa mara mbili.

Ila kuna siku moja, mavuno yaliyofuata, tulikuwa tumekaa kivulini mwa ukuta tukimenya mihogo. Mtoto alikuwa mapajani mwake, ananyonya. Wifi yangu alisimamisha kisu. Hakunitazama. Akasema, "Wifi, yule kambale uliyempasua kwa mjomba. Ndiye wa kwanza?"

Nilijua anachouliza. Alikuwa amekaa mwaka mzima akihesabu, kama mimi. Alitaka kujua kama kulikuwa na mtu aliyejua mapema, mtoto wake akiwa bado anapumua, samaki wakiwa bado na mafuta. Nilimtazama binti yangu, shavu lake linavyokwenda likirudi kwenye kifua kile. Hofu yote ya mwaka ule ikanirudi ghafla, kuanzia miguuni.

"Ndiye wa kwanza," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akamhamishia mtoto ziwa la pili.